Kwa Nini Cherehani Humeza Kitambaa Mwanzoni mwa Mshono

Katika vibaraza vya Kiyembe, mtaa wa Kampala wenye kuuza vitambaa na kuvishona mlango kwa mlango, vazi linalopima ustadi wa fundi kuliko mengine ni gomesi, vazi refu lenye shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto na mabega yaliyochongoka, ambalo jina lake limetokana na Gomes, fundi wa Kigoa aliyeshona katika nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20. Gomesi moja huweza kula hata mita 6 za kitambaa, na aghalabu kitambaa chenyewe ni hariri, satini au kingine chepesi chenye utelezi, ambacho cherehani hukimeza mara sindano inapougusa ukingo: nguo huzama katika tundu la bamba, nyuzi hutatizana chini, na fundi akivuta kwa hasira hubakiwa na tobo katika mali ya mtu.

Wengi hulaumu mashine, au hulaumu uzi, wakakaza skrubu ya uzi mpaka uzi ukakatika. Kwa rai yangu wanaionea, kwani cherehani iliyomeza nguo mwanzoni ndiyo hiyo hiyo itakayoshona dhiraa nzima bila kosa ikiisha kuvuka sentimita ya kwanza. Yatupasa basi tutafute kile ambacho pigo la kumi la sindano linacho, na pigo la kwanza halina.

Sindano hushuka na uzi wa juu, na inapoanza kupanda, uzi huo hulegea kando yake ukafanya kitanzi kidogo. Ndoana iliyo chini hukidaka kitanzi hicho na kukizungusha kuipita bobini, kisha mkono uvutao uzi hupanda, ukakaza fundo ndani ya kitambaa. Kukaza huku hakupatikani ila uzi uwe umeshikwa mahali. Katika pigo la kumi, mapigo tisa yaliyotangulia yameushika barabara. Katika pigo la kwanza ncha yake ni huru, na ndoana inapokivuta kitanzi huiburuta na ncha hiyo chini, nyuzi zikarundikana tunduni bila ya kukazwa.

Meno nayo yana sehemu yao. Allen B. Wilson wa Marekani alipewa hataza mwaka 1854 kwa utaratibu ambao cherehani zetu zingali zinaufuata: meno hupanda, husukuma nguo nyuma, hushuka, kisha hurejea yalikotoka. Ukingo ukiwekwa chini ya sindano sawasawa, meno ya nyuma hayana cha kushika, nguo haiendi, na sindano hupiga pale pale, kila pigo likididimiza kitambaa zaidi.

Hapa cherehani nyeusi ya kukanyaga, iwe Singer ya zamani au Butterfly ya Shanghai iliyofuata ruwaza yake, ina fadhila ambayo wenye mashine mpya huidharau: tundu la bamba lake ni dogo, la duara, ilhali mashine ishonayo zigizaga sharti iwe na tundu pana ili sindano ipate kuyumba kulia na kushoto, na satini huzama katika upana huo kwa urahisi. Mwenye mashine ya zigizaga akipata bamba la tundu dogo, na alifunge kwa kazi ya mshono ulionyoka, mradi akumbuke kulifungua kabla ya kurudi kwenye zigizaga, la sivyo sindano itavunjika. Lakini ya kukanyaga nayo ina fitina yake: mguu ukianza vibaya, gurudumu huzunguka kinyume na nyuzi husokotana papo hapo. Ndiyo maana fundi mzoefu huligeuza gurudumu kwa mkono kwanza, kulielekeza kwake, kisha miguu ikafuata.

Kabla ya hapo huutoa uzi wa bobini juu ya bamba, akazilaza ncha zote mbili nyuma, chini ya mguu wa kukandamizia nguo, na kuzishika kwa vidole. Sindano huitua kwa mkono, nusu sentimita ndani ya ukingo, mahali ambapo meno yana nguo ya kutosha. Hushona mapigo machache polepole, na mashine ikiwa na mwendo wa kurudi, huurudia ukingo kwa nyuma.

Hata hivyo dawa niithaminiyo kuliko zote ni kitambaa cha kuanzia. Fundi huchukua kipande cha mabaki, akaanza mshono juu yake, kisha bila kukata uzi akakisukumia ukingo wa gomesi nyuma yake, ukigusana nacho. Pigo la kwanza katika hariri limekwisha kuwa la kumi: uzi umeshikwa, meno yamejaa, mguu umelala sawa. Na kwa kuwa gomesi ina vipande vingi, aweza kuvipitisha mfululizo, akaja kuvitenga kwa mkasi baadaye, uzi mchache ukapotea.

Yote haya hayafai kitu sindano ikiwa butu, maana ncha butu huisukuma nguo kabla ya kuitoboa. Kwa satini nyepesi namba 9 au 11 inatosha, tena mpya. Na nguo ikiisha kumezwa, asiivute: ainue mguu wa kukandamizia, ageuze gurudumu kidogo kidogo mpaka sindano itoke, akate nyuzi kwa chini, na nguo ikikataa bado, afungue skrubu za bamba na kuitoa nguo pamoja nalo.