Ugali ni sumu na soya inaua nguvu za kiume? Tuzichambue hoja hizi

Kama uko kwenye kundi la WhatsApp la familia, lazima umeshakutana nazo. Klipu ya sauti, mtu anajitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe, anasema ugali ni sukari tupu na soya ina homoni za kike, hivyo mwanaume asiiguse. Wiki mbili baadaye inaingia klipu nyingine inayosema dona linatibu kisukari na soya ni dawa ya kila kitu. Mara nyingi aliyezituma zote mbili ni mtu yule yule.

Tatizo letu na klipu hizi ni moja. Zinalipa zao alama, zuri au baya, bila kuuliza lilikaushwaje, lilipikwaje na linaliwa na nini. Hatari za kweli za mahindi na soya zimejificha hapo hapo kwenye maswali yasiyoulizwa.

Tuanze na soya. Ni kweli ina kemikali ziitwazo isoflavoni, ambazo umbo lake linafanana na homoni ya estrojeni, na zinaweza kushika kwenye vipokezi vya homoni hiyo. Mpaka hapo klipu haijakosea. Inakosea inapodhani kwamba kufanana umbo ni kufanana nguvu. Isoflavoni ni dhaifu sana ukilinganisha na estrojeni ya mwili. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 41 zilizofanywa kwa wanaume, na haukuona soya ikibadilisha kiwango cha testosteroni wala cha estrojeni.

Kipo kisa kimoja ambacho wapinga soya wanakipenda sana. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliripoti mwanaume wa miaka 60 ambaye matiti yake yalivimba na kuuma. Kisa ni cha kweli. Kinachoachwa pembeni ni kwamba alikuwa anakunywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku, na alipoacha, homoni zake zilirudi kawaida. Wewe unayeweka vijiko viwili kwenye uji, hadithi hiyo haikuhusu.

Sasa angalia kitu ambacho klipu haigusi kabisa. Soya mbichi ina protini zinazozuia tripsini, kimeng'enya kinachotusaidia kusaga protini tumboni. Joto la kutosha huzidhoofisha sana. Lakini watu wengi huchanganya soya mbichi na nafaka nyingine, wanasaga "unga wa lishe", halafu uji unachemka dakika chache tu. Mama anaamini anampa mtoto protini, kumbe sehemu ya protini hiyo inapita bila kutumika, na tumbo la mtoto linajaa gesi. Dawa yake haina gharama kubwa: chemsha soya vizuri, ianike, ikaange, ndipo upeleke mashineni.

Twende kwenye mahindi. "Sukari tupu" ni maneno ya kutia chumvi. Mahindi yana wanga mwingi, ndiyo, lakini pia yana protini, kiasi cha gramu 9 hivi kwa kila gramu 100. Kasoro yake ni kwamba protini hiyo ina uhaba wa lisini na triptofani, viungo ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Pia vitamini ya niasini iliyomo imefungwa kwa namna ambayo utumbo unashindwa kuifungua. Wenyeji wa Mexico, ambako mahindi yalianzia, walilimaliza tatizo hilo la niasini zamani sana kwa kuyachemsha kwenye maji ya chokaa au majivu. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, ufundi huo ukaachwa nyuma. Maskini walioishi kwa mahindi peke yake wakapata pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika, na wengi wakafa. Kusini mwa Marekani watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, mpaka daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1914, alipoonyesha kwamba chanzo ni mlo.

Usidhani hayo ni ya kale. Mwaka 1990, kwenye kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 17,000 waliugua pelagra. Mahindi waliyokuwa wanagawiwa hayakubadilika. Kilichokosekana ni karanga, ambazo ndizo zilizokuwa zinawapa niasini. Kisa hicho peke yake kinatosha kumjibu anayesema ugali ni sumu na anayesema ugali ni dawa. Ugali ule ule uliwalisha watu salama ulipokuwa na karanga, na ulipobaki mkavu ukawaumiza. Ndiyo maana maharage au soya iliyoiva vizuri inafaa sana pembeni ya ugali: lisini inayopungua huku, kule imejaa.

Hoja ya mwisho ni ile ya dona na sembe, na hapa hata sisi tunaopenda sayansi huwa tunajibu haraka mno. Dona linabaki na pumba na kiini, kwa hiyo lina nyuzinyuzi, mafuta na vitamini B zaidi. Vizuri. Lakini sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu, hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini hicho hicho. Kukoboa huipunguza sana. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafariki. Mwaka 2016 mlipuko kama huo ulitokea Dodoma na Manyara. Na hata kidogo kidogo kwa miaka mingi, sumukuvu inasababisha saratani ya ini.

Hatusemi uache dona. Tunasema ushauri wa "kula dona" ni nusu ya ushauri kama haukuambatana na "kausha mahindi". Wakulima wana kipimo rahisi: weka mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani, juu ya turubai na si chini kwenye udongo. Yenye ukungu au yaliyobadilika rangi yatoe, na usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hiyo inapita mpaka kwenye maziwa.

Klipu zina haki kwenye jambo moja. Mlima wa ugali na kijiko cha mchuzi, kila siku, mchana na usiku, si mlo mzuri, hasa kwa mwenye kisukari. Ila kumwambia mtu ambaye mahindi ndiyo chakula chake cha kila siku kwamba anakula sumu, halafu ukamwacha hapo, ni kumpa hofu asiyoweza kuifanyia kitu. Mwambie apunguze tonge na aongeze maharage na mboga. Hilo analiweza hata leo jioni.

Klipu nyingine ikiingia kwenye kundi, usibishane sana na shangazi. Muulize tu: mahindi hayo yalikaushwaje, soya hiyo ilipikwa, na pembeni ya ugali kulikuwa na nini? Kama aliyerekodi hajayagusa hayo, bado hajazungumzia chakula chako.