Kilio cha Mwenye Mjeledi: Ajabu na Haki katika "Adili na Nduguze"

Tangu kilipochapishwa na Macmillan mwaka 1952, kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze kimepata bahati mbili, na zote mbili zimekidhuru. Ya kwanza ni kuingia shuleni, ambako wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamekisoma kama chombo cha kufundishia tabia njema. Ya pili ni kupata wahakiki waliofurahi kuona kwamba majina ya wahusika yamekwisha kuwafanyia nusu ya kazi: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu, na mengine ni kuandika aya. Kwa mtazamo huo majini, mji wa watu waliogeuka mawe na ndugu wawili waliogeuzwa manyani huhesabiwa kuwa mapambo tu, yaliyowekwa ili mtoto asichoke kabla ya kufika kwenye funzo. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Yanadai kwamba Adili na Nduguze ni riwaya ya ajabu kwa maana kamili, ambayo mtoto na mtu mzima huweza kuifurahia kwa pamoja, na kwamba swali lake zito linatokana na ile ajabu yenyewe, wala halimo katika majina.

Tuanze pale kitabu kinapotushika. Rai, mfalme wa Ughaibu, ni mpenzi wa wanyama. Huwafuga na kuwahifadhi, na katika nchi yake kumtesa mnyama ni kosa. Kodi ya jimbo la Janibu, ambako Adili ni liwali, inapochelewa, Ikibali anatumwa kwenda kuitafuta. Huko, usiku, mjumbe huyu anamwona mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa haki, akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwalilia, akiwabembeleza na kuwalisha. Msomaji hajaambiwa lolote. Anaona alichokiona Ikibali tu.

Mwanachuoni Tzvetan Todorov, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 juu ya fasihi ya ajabu, alisema kwamba uhai wa fasihi hiyo umo katika shaka: msomaji husitasita kati ya maelezo ya kimaumbile na maelezo yaliyo nje ya maumbile. Tukikipima kitabu chetu kwa kipimo hicho, kitashindwa, maana Ikibali hasumbuliwi hata kidogo na swali la kama majini wapo. Katika mwambao wetu swali hilo halikuwa na uzito wa kutosha kubebesha hadithi. Lakini shaka ipo, na ni kali. Ikibali anasita kati ya kuona ukatili na kuona haki: je, huyu ni mwendawazimu anayejificha ndani ya sifa njema, au ni mtu anayetimiza wajibu asioutaka? Kipimo cha Todorov kwa hiyo hakina haja ya kutupwa. Kinataka kuhamishwa tu, kitoke katika elimu ya vitu vilivyopo na visivyopo, kiingie katika elimu ya mema na mabaya.

Ubunifu wa Shaaban unaonekana wazi zaidi tukikumbuka alikochota. Kisa hiki kimo katika Alfu Lela Ulela, ambamo Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, anawachapa kila usiku mbwa wawili ambao ni nduguze, na habari inafika kwa Harun al-Rashid huko Baghdadi. Mwandishi wetu amebadili mambo mawili, na wahakiki wameyapita kwa haraka mno.

La kwanza ni mbwa kuwa manyani. Kwa msomaji wa Kiislamu wa pwani, mbwa angeleta habari ya najisi, na fikira zingepotelea huko. Nyani analeta jambo jingine kabisa. Ana mikono, ana uso unaokaribia wetu, naye anaweza kulia akaonekana analia. Aidha, msomaji aliyepitia chuoni atakumbuka kwamba katika Sura ya Al-Baqara wale walioivunja Sabato waliambiwa wawe manyani. Umbo hilo basi lilikuwa limekwisha kubeba maana ya adhabu kabla Shaaban hajalishika.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni mfalme. Harun wa hekaya si mlinzi wa wanyama; anashangazwa na kisa, anataka kukisikia, basi. Shaaban ameweka mahali pake mtawala ambaye kwake mjeledi ule ni uvunjaji wa amri. Kwa badiliko hilo moja, mshangao umegeuka kuwa kesi. Adili analazimika kujibu mbele ya sheria ya mfalme kwa tendo alilolazimishwa na sheria nyingine, ya Huria, jini aliyewageuza nduguze baada ya kumtosa Adili baharini, akaamuru wachapwe kila usiku. Mtu mwadilifu amesimama kati ya haki mbili zinazopingana, na hawezi kuitii moja bila ya kuikosea nyingine. (Mjuzi wa Kiarabu ataona pia kwamba jina Rai, ambalo sisi tunalisoma kama "maoni", linakaribiana kwa sauti na neno la Kiarabu la mchungaji. Sidai kwamba mwandishi alikusudia hivyo, lakini linamfaa mfalme huyu kuliko maana tuliyoizoea.)

Hapa ndipo usomaji wa majina unaposhindwa. Jina Adili latuambia kwamba mtu huyu ni mwenye haki. Halituambii kwa nini haki yake inamliza. Vivyo hivyo kwa nduguze. Hasidi na Mwivu ni majina mawili yenye karibu maana moja, moja likiwa na asili ya Kiarabu na la pili la Kibantu, na kama yangekuwa ndiyo ufunguo wa kitabu tungekuwa na mhusika mmoja aliyeandikwa mara mbili. Kwa kweli, wakiwa watu, ndivyo walivyo: hatuwezi kuwatofautisha. Wanapokuwa manyani, wasiweze kusema, ndipo tunapowaonea huruma kwa mara ya kwanza.

Ajabu ya namna hii ina utaratibu wake. Huria hatokei kwa bahati. Adili alimwokoa alipokuwa katika umbo la kiumbe mnyonge anayefukuzwa, na kila msaada wake ni malipo ya deni hilo. Hakuna muujiza usio na mwenyewe. Tulinganishe na kitabu cha Lewis Carroll, ambacho Kiswahili kimekipokea mara mbili, kama Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940 na kama Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu mwaka 2015. Mle msichana anakunywa kilichomo chupani akapungua kimo, wala hatuambiwi chupa ni ya mganga gani wala inadai malipo gani. Raha ya kitabu hicho ni katika kutokuwapo deni. Raha ya Adili ni katika kujua kwamba deni lipo na kungoja litakavyolipwa. Mtoto hulielewa jambo hili bila ya kufundishwa, kwa sababu mtoto ni mhasibu mkali wa haki.

Kitabu kina kasoro zake, na si ndogo. Baada ya ule mwanzo, mwandishi mara nyingi hamwamini msomaji. Anasimamisha kisa ili atoe wasia, na wasia wenyewe, ingawa umeandikwa kwa Kiswahili ambacho wengi wetu hatutakifikia, hupunguza hofu iliyokwisha kujengwa. Safari ya mji wa mawe, anakopatikana Mwelekevu, ni ya kuvutia kwa picha yake ya soko na jumba lililonyamaza, lakini inarefushwa kwa maelezo. Na msamaha wa mwisho unakuja kwa wepesi. Hekaya ya Kiarabu inawaacha ndugu wale wakirudia uovu wao hata wanauawa. Shaaban hakukubali mwisho huo, na kwa imani yake juu ya binadamu tunamheshimu. Hata hivyo, kutubu kwa Hasidi na Mwivu tunaambiwa tu, hatukuoneshi, na baada ya mikwaju ya usiku mwingi kiasi hicho tulistahili kuoneshwa.

Lakini kasoro hizo hazihalalishi kukiweka kitabu katika rafu ya watoto peke yao. J. R. R. Tolkien, katika mhadhara aliotoa St Andrews mwaka 1939, alilalamika kwamba hadithi za ajabu zilisukumwa kwa watoto kwa sababu tu wakubwa waliacha kuzitaka. Kwetu historia ni tofauti. Hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja, inamhusu paa aliyemtajirisha maskini, kisha akaugua na kudharauliwa na bwana yuleyule. Mtoto huililia hadithi hiyo kwa ajili ya paa. Mtu mzima aliyewahi kuwa na cheo, au aliyewahi kumtumikia mwenye cheo, ana sababu nyingine ya kunyamaza inaposimuliwa. Kilichotutenganisha ni darasa na mtaala, vilivyotaka kila kitabu kiwe na umri wake.

Matokeo tunayaona katika riwaya iliyofuata. Euphrase Kezilahabi alipoirudia ajabu katika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, aliirudisha kwa wasomi: vitabu vya thamani kubwa, lakini sijamwona mtoto ambaye angevuka navyo kurasa kumi. Upande wa pili watoto wameachiwa sungura na fisi katika vijitabu vyembamba, na swali la mtihani linaloanza na "Eleza tabia za...".

Na lipo swali moja ambalo mtihani haujawahi kuliuliza, ingawa mwanafunzi wa miaka 12 huliuliza mwenyewe akiachwa asome. Huria ni jini mwenye uwezo wa kuwageuza watu manyani. Angeweza kuwachapa yeye mwenyewe, au kumpa kazi hiyo mtumwa wake yeyote. Kwa nini alimpa mjeledi ndugu yao?