Jinsi CERA Ilivyonaswa Kwenye Damu

Agosti 2008 kwenye Olimpiki ya Beijing, Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda mbio za mita 1500 kwa 3:32.94. Asbel Kiprop wa Kenya, kijana wa miaka 19, alimfuata kwa 3:33.11. Mwaka uliofuata damu ya Ramzi ilipimwa upya, na matokeo yakageuka.

Dawa iliyomponza ni CERA, aina ya EPO iliyotengenezwa na Roche kwa wagonjwa wa figo. EPO huuchochea uboho kutoa chembe nyekundu zaidi, nazo hubeba oksijeni hadi kwenye misuli. Kipimo walichokitangaza Wafaransa mwaka 2000 kilitegemea mkojo: protini hutenganishwa kwa umeme kwenye geli, na EPO ya kiwandani hutua mahali tofauti na ile ya mwili. CERA iliwasumbua wapimaji hapo. Ili mgonjwa asichomwe sindano kila mara, EPO hii iliunganishwa na mnyororo mrefu wa polietilini glaikoli, yaani PEG. Molekuli ikawa kubwa karibu mara mbili, na figo haziipitishi kwa urahisi kwenye mkojo. Bila shaka walaghai walilijua hilo.

Lakini dawa isiyotoka kwenye mkojo hubaki kwenye damu, na CERA hubaki humo kwa siku nyingi. Wataalamu wakatumia kingamwili mbili: moja hushika EPO, nyingine hushika PEG. Kipimo huitika pale tu zote mbili zinapong'ang'ania molekuli ileile. Ufundi wenyewe uko hapa, kwa kuwa mwili wa binadamu hautengenezi EPO yenye PEG. Mwanariadha hawezi kujitetea kwamba amezaliwa hivyo. Sampuli iliyoitika hurudishwa kwenye geli kwa uthibitisho.

Novemba 2009 Ramzi alivuliwa dhahabu, ikaenda kwa Kiprop. (Naye baadaye alifungiwa miaka minne kwa EPO iliyoonekana kwenye mkojo wake wa Novemba 2017, ingawa alikana.)

Sifa nyingi wamepewa wanakemia. Mimi ningewapa nusu yake waliotunza sampuli: damu ya Beijing ingemwagwa baada ya michezo, kingamwili hizo zisingekuwa na cha kushika. Tangu 2015 kanuni za dunia za kupinga dawa haramu michezoni zinaruhusu kesi kufunguliwa hadi miaka 10 baada ya kosa, badala ya 8 ya awali. Mashirika ya kitaifa yanayochukua mkojo peke yake ili kubana matumizi yachukue na damu, kisha yaigandishe.