Kilwa Ipi? Umbo, Maana na Matumizi ya Jina Kilwa Kivinje

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mazoea ya kueleza majina ya mahali kwa kutaja asili ya neno pekee. Kwa kuchunguza jina Kilwa Kivinje, makala yanaonesha kwamba asili ya neno hujibu sehemu ndogo tu ya swali la maana. Matumizi ndiyo yanayobainisha ni mji upi unaorejelewa, katika kipindi gani na kwa wazungumzaji wepi. Inadaiwa kwamba jina Kilwa, likisimama peke yake, limekuwa na virejelewa vitatu kwa zamu, na kwamba asiyezitofautisha zamu hizo huisoma visivyo historia na fasihi ya pwani ya kusini.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, ina makazi matatu yanayochangia jina moja: Kilwa Kisiwani, Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mafupi. Kisiwani ni penye kisiwa. Masoko ni wingi wa soko. Kivinje hutokana na mvinje, mti wa pwani wenye vitawi vyembamba mithili ya sindano. Maelezo hayo si ya kupuuzwa. Kasoro yake ni kwamba yanakomea pale ambapo uchambuzi ulipaswa kuanzia: hayaelezi kwa nini jina lina umbo lililo nalo, wala kwa nini miji mitatu iliendelea kuitwa Kilwa.

2.0 Umbo la Jina

Majina ya mahali yatokanayo na miti aghalabu huundwa kwa jina la mti, katika umoja au wingi, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Mifano ni Mbuyuni, Mikocheni na Mivinjeni ya Dar es Salaam. Kwa kanuni hiyo, mahali palipoota mivinje pangetarajiwa kuitwa Mvinjeni au Mivinjeni. Kivinje hakina kiambishi m- au mi-, wala hakina -ni. Kinaelekea kufuata njia nyingine, ambayo mifano yake ni dhahiri Unguja: Kikwajuni (mkwaju), Kinazini (mnazi) na Kiembesamaki (mwembe). Katika majina hayo, kiambishi ki- kimechukua nafasi ya m-.

Kwa kawaida ki- hiyo huelezwa kuwa ya udogo. Katika majina ya mahali, hata hivyo, kazi yake haiishii hapo. Mivinjeni hueleza uoto wa eneo. Jina lenye ki- katika umoja huelekea kutenga mti mmoja unaotambulika na kuufanya alama. Ikiwa Kivinje kimetokana na mvinje, basi umbo lake linaashiria mvinje fulani uliojulikana na wenyeji na wasafiri, na si lazima liashirie msitu wa mivinje. Tafsiri ya "mahali penye mivinje mingi" inaongeza wingi ambao umbo la neno halinao.

Neno Kilwa lenyewe linahitaji tahadhari kubwa zaidi. Tarikhi ya Kiarabu ya mji huo hujulikana kwa anwani Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, yaani kitabu cha liwazo kuhusu habari za Kilwa, na katika usomaji huo Sulwa na Kulwa vinaoana kwa kina. Wareno, kwa upande wao, waliandika Quiloa. Kina peke yake si ushahidi wa kutosha wa matamshi, kwa kuwa hati za Kiarabu mara nyingi haziandiki irabu fupi. Hata hivyo, kuwapo kwa mapokeo mawili, moja lenye u na jingine lenye i, kunatosha kuzuia haraka ya kuichukulia ki- ya Kilwa kuwa kiambishi cha ngeli na kuijengea maana juu yake. Ki- ya Kivinje inaweza kutengwa kwa sababu mzizi wake unajulikana. Ya Kilwa haina dhamana hiyo.

3.0 Zamu Tatu za Jina Moja

Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, na Francisco de Almeida alipoushambulia mji mwaka 1505, Kilwa ilikuwa mji wa kisiwani. Ndiyo Quiloa iliyoingia hata katika Paradise Lost ya John Milton mwaka 1667. Katika karne ya 19 hali ilibadilika. Kisiwa kilikuwa kimedhoofika, na Kivinje, kilichoko bara, kikawa kituo kikuu cha misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kilwa ya biashara ya wakati huo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, Kivinje. Maafisa wawili wa kampuni ya Kijerumani waliouawa Kilwa mwaka 1888 waliuawa Kivinje. Katika karne ya 20 makao ya utawala yalihamia Masoko, na leo msafiri atokaye Dar es Salaam akisema anakwenda Kilwa, mara nyingi mwisho wa safari yake ni huko.

Mfuatano huu unaonesha kwamba Kilwa si jina la mahali pamoja palipogawanyika sehemu tatu. Ni jina la hadhi lililohama na bandari na utawala, huku neno la pili likibaki kubainisha. Kizimkazi Mkunguni na Kizimkazi Dimbani za Unguja zina muundo huohuo. Ndani ya wilaya mpangilio hugeuka: Kilwa hudondoshwa, husemwa Kivinje, Masoko au Kisiwani, na hata kata inaitwa Kivinje Singino. Neno linaloonekana kisarufi kuwa la ziada ndilo lenye uzito wa maana kwa mwenyeji.

4.0 Mwembe Kinyonga

Ndani ya Kivinje kuna jina jingine la mti linalothibitisha hoja hii. Mwembe Kinyonga ni mahali panapokumbukwa kwa kunyongwa kwa wapinzani wa utawala wa Kijerumani. Hassan bin Omari, maarufu kwa jina la Makunganya, alinyongwa mjini humo mwaka 1895. Anayetegemea kamusi pekee ataliona katika kinyonga lile jina la mnyama abadilishaye rangi. Mofolojia inaruhusu usomaji mwingine: ki- pamoja na kitenzi -nyonga, kwa mfano wa kifungua katika kifungua kinywa. Sarufi inaruhusu maana zote mbili. Kumbukumbu ya mji ndiyo inayoamua. Kumbukumbu hiyo ikikatika, jina litabaki na umbo lake lote, lakini litakuwa limegeuka kuwa habari ya mjusi.

5.0 Hitimisho

Hatari iliyoonekana katika Mwembe Kinyonga inalikabili pia jina la mji. Magofu ya Kisiwani yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na tangu hapo Kilwa, katika maandishi mengi, imezidi kumaanisha misikiti ya matumbawe na dhahabu ya Sofala. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini inapomeza virejelewa vingine, misafara ya watumwa na miti ya kunyongea hukosa mahali pa kukaa katika jina. Mhariri wa utenzi, mfasiri wa barua au mtunzi wa kamusi anayekutana na neno Kilwa hana budi kuuliza kwanza: Kilwa ipi? Katika matini ya karne ya 19, jibu mara nyingi litakuwa Kivinje, na tanbihi inayomwelekeza msomaji kisiwani itakuwa imempeleka mji mwingine.