Neophyte ni redio nzuri, ila si ya usiku wa Goma

Wenzangu wa elektroniki, mkitafuta mpango wa redio ndogo ya mawimbi mafupi kwa ajili ya TFC, hamtakawia kuangukia Neophyte, ya John Dillon, iliyotoka katika gazeti la QST Februari 1988. Chipu mbili tu: NE602 inachanganya masafa, LM386 inapandisha sauti.

Mimi naiheshimu saketi ile. NE602 iko na matokeo mawili yanayopingana, LM386 iko na maingilio mawili ya namna hiyo hiyo. Dillon akayaunganisha, akaokoa vipande vingi. Chipu ya kuchanganya inakula miliampia 2.4 hivi, osileta iko ndani yake, na ishara inatoka imeongezeka karibu desibeli 17. Kwa mtu wa betri, hiyo ni mali.

Shida ni mahali ilipozaliwa. Marekani wapenzi wa redio wana megahezi 7.0 hadi 7.3. Sisi, pamoja na Afrika yote na Ulaya, tunaishia 7.2, na hapo hapo juu yake vituo vya utangazaji vinaanza, vingine vya kilowati mia na zaidi. Kigali, karibu tu na sisi, Deutsche Welle ilikuwa na mitambo ya kilowati 250 mpaka 2015. Ile imefungwa, lakini jua likizama Ulaya na Asia wanaingia.

Sasa, miksa kazi yake ni kuzidisha ishara ya antena na ya osileta ili itoke tofauti ya masafa, ile tunayoisikia kama sauti. Ikipewa ishara kubwa kupita uwezo wake, inaanza kuchanganya ishara zenyewe kwa zenyewe. Unazungusha dayali kushoto, mtangazaji yupo. Kulia, bado yupo. Kipimo cha uvumilivu huo, intasepti ya tatu, kwa NE602 ni karibu dBm −13. Pete ya dayodi nne inafika karibu +13. Tofauti hiyo ni nguvu mara 400!

Mtaniambia dayodi zinapoteza desibeli 6 au 7. Kweli, ila hapa kwetu hasara hiyo haisikiki. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani. Kuzunguka kijiji cha Kifuka satelaiti zilihesabu miale kama 158 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Kwenye megahezi 7 kelele ya radi inafunika kelele ya chipu mbali sana. Jaribu mwenyewe: chomeka antena. Kelele ikipanda, redio yako inasikia vya kutosha, na usikivu wa ziada unalipia bure.

Dayodi nazo zina madai yake, na hapo nawalaumu wanaozisifu bila kusema yote. Zinataka miliwati 5 kutoka kwa osileta, donc transista moja zaidi na betri inayoisha mbio. Zinataka pia mzigo wa omu 50 kwa masafa yote upande wa kutokea; ukiuruka, uvumilivu ule unapotea. Na sauti yote lazima ipatikane baadaye, kwa hiyo meza ikigongwa kidogo unasikia. Hayward na Bingham walionyesha njia hii katika QST Novemba 1968, miaka ishirini kabla ya Neophyte.

Swichi za Tayloe zinapoteza chini ya desibeli 1, ila kwa kawaida zinataka osileta ya mara nne, megahezi 28 kwa kusikia 7. Kwa mwanzo, hapana.

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika. Siku kama zile huhitaji redio inayopendeza mezani mchana. Unahitaji ile ambayo saa mbili usiku inatenganisha sauti na sauti. Kusikiliza tu nasema, kurusha ni habari nyingine.

Mwenye NE602 tayari asiitupe. Aweke potensiometa kwenye antena: ukipunguza desibeli 10, michanganyiko ya daraja la tatu inashuka 30. Anayeanza leo achukue dayodi nne za 1N4148 kutoka kwenye ubao wa redio mbovu, kama zile za Birere, azipime na multimeta achague zinazofanana, kisha akunje nyaya tatu pamoja kwenye pete ya ferite. Hapo ndipo kuna kazi.