Vitabu vya Kujifunzia Picha za Dijitali: Uhakiki wa Kinachobaki

0. Utangulizi

Vitabu vya kufundisha upigaji picha wa dijitali na uhariri wa picha katika kompyuta ni vingi, na vingi kati yake huzeeka kabla karatasi yake haijachakaa. Sababu yaeleweka. Programu ya Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1990. Tangu hapo imebadilishwa mara nyingi, na tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya hulipiwa kwa muda badala ya kununuliwa mara moja. Kitabu kinachomwonyesha msomaji mahali pa kubonyeza tu, hufa pamoja na toleo lake. Kwa mwanafunzi wa Kongo, ambaye huenda akaweza kununua kimoja tu, uchaguzi si jambo dogo.

Vitabu vinavyohakikiwa hapa vimeandikwa kwa Kiingereza, na vyapimwa kwa swali moja: mashine ikishabadilika, msomaji hubaki na nini?

1. Mwanga na ngozi

Kitabu cha Bryan Peterson, "Understanding Exposure", kilitoka mwaka 1990, wakati wa filamu, na bado kinasomwa na wenye kamera za dijitali. Siri yake ni mpango wake. Peterson hujenga somo zima juu ya mambo matatu: upana wa tundu la lenzi, muda ambao mwanga huachwa uingie, na kiwango cha ISO. Kisha huonyesha kwamba mandhari moja yaweza kupigwa kwa vipimo kadhaa vyenye kuingiza mwanga ule ule, lakini picha zikasema mambo tofauti. Hapo fundi huanza kuwa msanii.

Faida kubwa ya kitabu hiki kwa msomaji wa Kiafrika imo katika maelezo ya kipimamwanga. Kamera haijui inatazama nini. Hukisia kwamba kila iletewacho kina wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta huidanganya kamera, nayo hupunguza mwanga. Uso hubaki kivuli kisicho na macho wala tabasamu. Wengi huilaumu ngozi, ilhali kosa ni la kipimo. Peterson hushauri mpiga picha akilinganishe kwanza kiganja chake mwenyewe na kadi ya kijivu, ajue tofauti yake, kisha akitumie kama kipimo popote aendapo. Shauri hilo ni rahisi na halina gharama.

Ansel Adams, katika "The Negative" (1981), huingia ndani zaidi. Huugawa mwanga katika kanda, kuanzia 0, weusi mtupu, hadi X, weupe mtupu. Ngozi ya wastani ya Mzungu huiweka katika kanda ya VI, na ngozi nyeusi katika kanda ya V. Kipimo hicho chahitaji kuhakikiwa. Kanda moja haiwezi kubeba ngozi zote za Waafrika, na mwanafunzi akilishika neno la Adams kama sheria atazififisha tofauti ambazo jicho lake huziona kila siku. Hata hivyo, mbinu yenyewe yashinda mfano wake: Adams humfundisha msomaji kuamua kabla ya kupiga ni wapi kila rangi itaangukia. Tahadhari moja yafaa. Katika filamu, Adams alianza na vivuli; katika dijitali, weupe uliopita kiasi haurudishiki, hivyo weupe ndio hutazamwa kwanza.

2. Uhariri

Kwa upande wa kompyuta, "Adobe Photoshop for Photographers" cha Martin Evening, kilichoanza kutolewa mwaka 1998, ni hazina kubwa na mzigo mzito. Hakuna kinachoachwa, na ndiyo maana anayeanza hupotea ndani yake. Lililo la kudumu humo ni adabu ya kazi: picha ya asili isiguswe, na kila badiliko liwekwe katika tabaka lake ili liweze kuondolewa.

"Beginning GIMP" cha Akkana Peck (2006) ni kidogo kwa makusudio, lakini kinafaa zaidi kwa asiye na uwezo wa kulipia programu, kwa kuwa GIMP ni ya bure. Baadhi ya maelekezo yake yamepitwa na wakati. Maelezo ya matabaka na ya uteuzi wa sehemu za picha yangali na manufaa.

Kasoro ya vitabu vyote viwili ni ya kimaudhui. Ustadi wa kuunganisha picha hupimwa kwa kutoonekana kwa mshono. Lakini mwaka 1982 gazeti la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza ili zienee katika jalada lake, na lawama zilizofuata zilitokana hasa na mshono huo usioonekana.

Mfano wa kinyume umo Lubumbashi. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huo (1978), katika mfululizo wake "Mémoire" (2006) aliwachukua wafanyakazi kutoka picha za kale za enzi ya ukoloni, akawasimamisha kwa kompyuta mbele ya magofu ya viwanda vya madini vya Katanga. Wafanyakazi ni weusi-na-weupe. Magofu yana rangi. Mshono hausitirwi, nao ndio hoja: mtazamaji huona nyakati mbili zikishtakiana. Chombo ni kile kile cha waliosogeza piramidi, ila hapa mtazamaji huambiwa kwamba picha imeundwa.

3. Hitimisho

Anayeanza asome Peterson. Akishazoea, amfuate Adams kwa jicho la kuhakiki. Peck amtumikie mwenye kompyuta isiyo na programu ya kulipia, na Evening akae maktabani kwa kurejewa. Kazi ya Baloji itazamwe sambamba na vyote, kwa sababu hujibu swali ambalo miongozo hiyo haikuliuliza: kuhariri ni kwa ajili ya nini?

Linabaki pengo. Kiswahili kina mwanga, kivuli, weusi na weupe. Kina kupiga picha, na Kongo husema pia foto. Wapiga picha wa mitaani hufundishana kazi hii kwa maneno yao kila siku. Maneno hayo yakikusanywa na wanafunzi wa lugha, mwongozo wa Kiswahili waweza kuandikwa, na mfano wake wa kwanza wa ngozi ukawa uso wa msomaji mwenyewe.