Kilo za bondia na kilo za konde

Kwenye vibanda umiza vya Mpanda, usiku wa ndondi, ubishi ni uleule: kati ya Hassan Mwakinyo na Francis Cheka, nani ana konde zito? Mwakinyo wa Tanga amejulikana kwenye super welter, uzito unaoishia kilo 69.85. Cheka wa Morogoro alitwaa mkanda wa WBF mwaka 2013 kwenye super middle, ambako mwisho ni kilo 76.2. Wengi huumaliza ubishi kwa mizani: aliyezidi kilo ndiye aliyezidi konde. Mizani ina neno lake, lakini inapewa heshima isiyoistahili.

Aliyekata kuni kwenye miombo ya Ugalla anajua nusu ya jibu. Shoka zito kupita uwezo wa mkataji huchelewa, hupinda njiani na kuchubua gome tu. Shoka jepesi nalo huruka upesi lakini mti mkavu hulirudisha. Mkataji mzuri huchagua shoka analoweza kulifikisha kwa kasi, kisha huweka kiuno na mguu nyuma ya pigo. Mikono ndiyo inayoonekana ikifanya kazi, ila gogo linaupokea mwili mzima.

Ngumi hufuata njia hiyohiyo. Bondia wa kilo 70 hampigi mtu kwa kilo 70. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya mabondia wa kiwango cha Olimpiki, kuanzia uzito wa fly hadi super heavy, waliopiga ngumi za kunyooka kwenye taya la mwanasesere wa vipimo. Kwa wastani ngumi ilifika kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde na kusukuma kwa nyutoni 3,427, sawa na uzito wa magunia matatu na nusu ya mahindi ya kilo 100, ingawa kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Na uzito uliofanya kazi nyuma ya ngumi ulikuwa kama kilo 2.9 tu. Kilo tatu hazifiki, kutoka kwenye mwili mzima! Wazito walipiga kwa nguvu zaidi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba sehemu kubwa zaidi ya miili yao ilifika pamoja na ngumi. Miaka ishirini kabla, Frank Bruno wa Uingereza, jitu la uzito wa juu, alipimwa akapatikana na mita 8.9 kwa sekunde. Kasi hiyo haipishani na ya wale wenzake wa mizani zote.

Ndiyo maana namwambia kila anayetaja kilo: sema kwanza ni kilo ngapi zinazofika. Hapo ufundi unaingia kwa nguvu. Kwenye kipimo kingine, kilichochapishwa mwaka 2000, mkono wa nyuma wa mabondia wa daraja la juu ulitoa nyutoni 4,800, na wa wanaoanza 2,381. Tofauti ni maradufu. Kijana wa machimboni mwenye mabega mapana, ambaye hajafundishwa kuzungusha nyonga, anabeba kilo nyingi hadi ulingoni na kuziacha miguuni.

Sasa tuje kwa John Mugabi wa Uganda, maana huyu ametuachia jaribio ambalo hakuna maabara ingelipanga vizuri zaidi. Alileta medali ya fedha ya welter kutoka Moscow mwaka 1980. Akaingia ndondi za kulipwa, na hadi anakutana na Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, hakuna mpinzani aliyekuwa amemaliza naye pambano: wote aliwatoa kabla ya kengele ya mwisho. Usiku wa Machi 10, 1986, Las Vegas, alipanda kutoka super welter hadi uzito wa kati, kilo 72.57, kumfuata Hagler kwenye uzito wake. Ongezeko la kilo halikufika tatu. Mugabi alipiga, na alifika. Jicho la kulia la Hagler lilivimba hadi likakaribia kufumba. Lakini Hagler hakuanguka, na raundi ya 11 aliyekuwa chini ni Mugabi.

Konde la Mugabi halikuwa limepungua usiku ule. Aliyebadilika ni mpokeaji. KO nyingi huja pale kichwa kinapozungushwa ghafla, na shingo nene, kidevu kilichoinamishwa na jicho lililoiona ngumi ikija hupunguza mzunguko huo. Rekodi ya KO, basi, inapima watu wawili kwa pamoja, nasi tunaisoma kama kipimo cha mmoja.

Mtu atasema Mugabi alipaswa kubaki kwenye uzito wake. Alirudi. Machi 1990, Mugabi akiwa bingwa wa WBC wa super welter, Terry Norris alimmaliza raundi ya kwanza huko Tampa. Kwenye mizani walilingana; mkono wa Norris ulitangulia kufika.

Na hilo linanirudisha kwa Mwakinyo, Septemba 8, 2018, Birmingham. Sam Eggington aliyesimama mbele yake alikuwa bingwa wa Ulaya wa welter mwaka uliotangulia, kilo 66.68, na sasa alikuwa amepanda hatua moja. Mwakinyo alimtikisa, akamfuata kwenye kamba, akaendelea kumwaga ngumi bila kujibiwa hadi mwamuzi akaingia kati raundi ya pili. Wanaotafuta konde moja zito la usiku ule hawatalipata. Mwamuzi alisimamisha mvua ya makonde. Pambano hilo likirudiwa kibandani, mtazame Eggington kabla ya kumtazama Mwakinyo: miguu yake, mikono inavyoshuka, kidevu kinavyoinuka.